Injini Inayotetemeka Gari Likiwa Limesimama: Utangulizi

Ukitaka kujua hali halisi ya injini ya petroli, ondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta uiache ingurume yenyewe. Injini nzima itatulia, utasikia mlio mmoja usiokatika. Injini yenye kasoro itatetemeka, itakohoa, na pengine itazima. Hali hiyo ya injini kuzunguka bila kukanyagwa mafuta, gari likiwa limesimama, ndiyo nitakayoiita mwendo wa chini. Mafundi wengi huiita aidilingi. Swali letu ni hili: pikapu kuukuu inapotetemeka katika mwendo wa chini, tutakijuaje chanzo bila kubahatisha na bila kununua vipuri visivyohitajika?

Nimeuchagua mji wa Usenge uwe darasa letu, na sababu zangu utaziona tukiendelea. Mji huu wa Kaunti ya Siaya, ukingoni mwa Ziwa Victoria, unaishi kwa samaki. Mashua zinapofika ufuoni na omena, mbuta na ngege, magari huwa yanasubiri kupakia kuelekea Bondo na Kisumu. Pikapu kuukuu zingali zinafanya kazi za namna hii kote ukanda wa ziwa: Toyota Hilux za miaka ya 1980, Peugeot 504 ambazo wengi wetu tulikua tukiziona, Datsun na Nissan za umri huohuo. Dereva ambaye betri yake imechoka huogopa kuzima gari wakati wa kusubiri, kwa hiyo huiacha injini ikinguruma. Hapo ndipo mtetemo hujitokeza, na hapo ndipo ushauri wa kila mpita njia huanza.

Tuweke mipaka kabla hatujaenda mbali. Nazungumzia injini ya petroli yenye silinda nne, kabureta na distributa, vifaa ambavyo nitavieleza hivi punde. Pikapu za dizeli hazina plagi za cheche wala kabureta, na zinastahili somo lao. Magari mapya yanayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta nayo ni habari nyingine, ingawa utakayojifunza hapa yatakufaa ukiyafikia. Uzuri wa injini kuukuu ni kwamba karibu kila kitu chake kinaonekana, kinasikika au kinagusika. Ukiwa na spana ya plagi, bisibisi, koleo yenye vishikio vya mpira na utulivu wa moyo, unaweza kujifunza kazi hii.

Tuanze ndani ya silinda, yaani tundu la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mwaka 1876 Mjerumani Nicolaus Otto aliunda injini inayofanya kazi kwa hatua nne, na hatua hizo hazijabadilika hadi leo. Kwanza pistoni hushuka, vali ya kuingiza ikiwa wazi, ikavuta mchanganyiko wa hewa na petroli. Pili hupanda, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, ikaugandamiza mchanganyiko huo. Tatu, plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na gesi inayopanuka huisukuma pistoni chini. Hii ndiyo hatua pekee inayozaa nguvu. Nne pistoni hupanda tena, vali ya kutoa ikiwa wazi, ikaufukuza moshi. Hatua nne ni mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko.

Shikilia jambo hilo la mizunguko miwili, maana linatupa hesabu ya kwanza yenye manufaa. Injini nyingi za aina hii hutakiwa kuzunguka karibu mara 800 kwa dakika katika mwendo wa chini. Kila silinda basi huwaka mara 400 kwa dakika, na silinda zote nne kwa pamoja mara 1,600. Silinda moja ikifa kabisa, utakosa misukumo 400 kila dakika, kati ya sita na saba kwa sekunde, tena kwa mpangilio usiobadilika. Mkono ukiwa juu ya bawa la gari utausikia mtetemo huo kama pigo la kawaida linalorudi na kurudi. Lakini ikiwa silinda zote zinawaka ovyo, mara hii moja, mara ile nyingine, mtetemo hauna mpangilio. Tayari umepata swali kuu la somo hili lote: je, kasoro iko katika silinda moja, au imezikumba zote? Mafundi wengi wazuri huanza hapo, hata kama hawakuambii kwamba wanaanza hapo.

Pengine unajiuliza kwa nini gari lilelile linalotetemeka ufuoni huenda vizuri barabarani. Wanaoanza wengi huchanganyikiwa hapa, kwa hiyo tulikalie kidogo. Injini ikiwa katika mwendo wa chini ni kama mtu anayeendesha baiskeli polepole mno: akienda kasi, baiskeli hunyooka yenyewe, akipunguza mwendo, kila kokoto humyumbisha. Mkanyaga mafuta anapoondoa mguu, kibati cha mviringo kilichomo ndani ya kabureta, kinachoitwa kipepeo, hufunga karibu njia yote ya hewa. Silinda hupata mchanganyiko kidogo sana, na kidogo hicho huchanganyika na mabaki ya moshi wa mzunguko uliotangulia. Moto wake ni dhaifu. Uzito unaozunguka nao haujapata kasi ya kuibeba injini wakati silinda moja inapokosa. Kwa hiyo kasoro ndogo isiyohisika katika kilomita 70 kwa saa hujitangaza wazi gari likisimama.

Silinda yoyote ili iwake vizuri inahitaji mambo matatu: mgandamizo wa kutosha, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mchanganyiko wa hewa na petroli katika kiasi kinachofaa. Hakuna la nne. Kila ugonjwa nitakaoutaja unaangukia katika moja ya hayo matatu, na ukipotea njiani, rudi kwenye matatu hayo.

Kuna jambo moja la nje tuliondoe njiani kwanza. Injini huketi juu ya vipande vya mpira na chuma viitwavyo mauntingi, ambavyo kazi yake ni kumeza mtetemo. Barabara mbaya na miaka mingi huvipasua. Gari lenye mauntingi zilizokufa hutikisika hata kama injini ni nzima kabisa. Fungua boneti, itazame injini yenyewe, halafu sikiliza mlango wa ekzosi. Ikiwa moshi unatoka kwa pumzi sawasawa na ni bodi tu inayotikisika, huna sababu ya kugusa kabureta.

Sasa tuitafute silinda. Hakikisha breki ya mkono imevutwa, gia iko huru, na gari limesimama mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wa petroli una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Weka mikono ya nguo iliyolegea na leso mbali na feni. Zima injini, chomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza, uchomeke kwenye plagi ya akiba, na uifunge plagi hiyo ikiwa imegusa chuma cha injini ili umeme upate njia ya kurudi. Washa. Ikiwa silinda ile ilikuwa inafanya kazi, injini itaporomoka kwa mwendo na kutetemeka zaidi. Ikiwa hakuna kilichobadilika, umempata mgonjwa, kwa sababu huwezi kumnyang'anya kazi asiyefanya kazi. Zima, rudisha waya, nenda kwa ya pili, ya tatu na ya nne. Wako mafundi wanaozichomoa nyaya injini ikiwa inanguruma, nao wameizoea kazi. Wewe uanze kwa kuzima, kwa maana waya huo hubeba volti 20,000 au zaidi, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiusogelee kabisa.

Jaribio hilo halina gharama hata senti moja, na hugawa somo letu katika njia mbili. Silinda moja ikiwa imekufa, ishuku plagi yake, waya wake, vali zake, au gasketi iliyo karibu nayo. Zote zikijibu sawa lakini injini bado inatetemeka, shuku kitu wanachokula pamoja: mchanganyiko, wakati wa cheche, au hewa inayoingia mahali pasipo halali.

Kabla ya kuendelea, fungua plagi zote nne uzipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi ni kipande kinachoingia kichwani mwa silinda na kurusha cheche kati ya ncha zake mbili, na uso wake huandika yote yaliyotokea ndani. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yanakwambia petroli ni nyingi kuliko hewa. Weusi unaong'aa kwa mafuta ya injini unaelekeza kwenye pistoni au vali zilizochakaa. Weupe wa kuungua ni dalili ya hewa kuzidi petroli, au joto kupita kiasi. Plagi iliyolowa petroli haikupata cheche. Nne zikifanana, tatizo ni la pamoja. Moja ikiwa tofauti, hiyo ndiyo ya kufuata. Tazama pia nafasi kati ya ncha zake: katika injini nyingi za Toyota za kizazi hicho ni milimita 0.8, nayo hupimwa kwa fila geji, yaani kifungu cha vibati vyembamba vyenye unene unaojulikana.

Hapa Usenge inatupa somo lake la kwanza. Petroli ya ufuoni mara nyingi hununuliwa na kuwekwa kwa mitungi, kwa kuwa inatumiwa pia na mashine za boti. Mashine nyingi za boti ni za mipigo miwili, nazo petroli yake huchanganywa na mafuta ya injini, kwa kawaida sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 50 za petroli. Mtungi ukikosewa na mchanganyiko huo ukamiminwa kwenye tangi la pikapu, plagi zote nne hupata utando na moshi wa buluu hutoka nyuma. Fundi asiyeuliza petroli imetoka wapi anaweza kuifungua injini nzima akitafuta pete za pistoni zilizokufa. Uliza kwanza. Mtungi unaoachwa wazi kandokando ya maji nao hukusanya maji na mchanga, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi pale hasa mrija unapofyonzea. Kuna pia petroli iliyotiwa mafuta ya taa, ambayo huvukizwa kwa shida, hulifanya gari lisumbue kuwaka, na huchafua plagi. Uchakachuaji wa mafuta ulikuwa tatizo kubwa Kenya kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya kuyachanganya. Chota petroli kidogo kutoka kwenye mrija, iweke ndani ya chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji yatajitenga chini mbele ya macho yako.

Tuje kwenye cheche. Pikapu ya zamani hutumia mfumo uliobuniwa na Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20. Umeme wa betri, volti 12, huingia kwenye koili, ambayo ni nyaya nyingi zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma. Ndani ya distributa kuna pointi, vijiti viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana injini ikizunguka. Kila vinapoachana, umeme wa koili hukatika ghafla na kuzaa ule msukumo wa volti maelfu. Rota, kidole kinachozunguka juu ya distributa, huupeleka msukumo huo kwa kila silinda kwa zamu. Katika Hilux nyingi na katika Peugeot 504 zamu hiyo ni moja, tatu, nne, mbili. Ukikosea na kubadilisha nyaya mbili baada ya kuzisafisha, injini itapiga mateke au haitawaka kabisa, kwa hiyo ziandike alama kabla hujachomoa.

Ukanda wa ziwa una asubuhi zenye unyevu, hasa majira ya mvua ndefu. Kifuniko cha distributa kikiwa na ufa mwembamba kama unywele, unyevu hugeuza ufa huo kuwa njia, na umeme huacha plagi ukakimbilia chuma cha karibu. Gari hutetemeka asubuhi, saa nne likapona, na mwenye gari akaambiwa injini ilikuwa baridi tu. Kifute kifuniko kwa kitambaa kikavu ndani na nje, ukitafute kimstari cheusi kilichochorwa na umeme. Kisha ngoja giza liingie, washa injini, fungua boneti bila kuwasha tochi. Waya uliochoka utauona ukitoa vimulimuli vya buluu. Sijui kipimo kingine rahisi kiasi hicho kinachosema mengi namna hiyo.

Pointi zenyewe huliwa kidogokidogo. Nafasi yake ikifunguka kabisa huwa karibu milimita 0.45 katika Toyota nyingi. Zikiwa zimechimbika au zimeungua, koili haipati muda wa kujaa. Tikisa pia mhimili wa distributa kwa vidole. Ukicheza upandeupande, nafasi ya pointi hubadilika kutoka silinda hadi silinda, na hakuna urekebishaji utakaodumu mpaka bushi ibadilishwe. Wakati wa cheche nao hupimwa. Cheche hutakiwa kutokea kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu mchanganyiko huchukua muda kuwaka. Kiasi hicho huhesabiwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki na hutofautiana kwa kila injini. Ikichelewa, injini huwa nzito na ya moto. Taa ya taimingi, inayomulika kila silinda ya kwanza inapopata cheche, huonyesha alama kwenye puli kana kwamba imesimama, ukailinganisha na kitabu cha gari.

Sasa tumefika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili: hewa ya wizi. Kabureta ni kifaa kinachopima petroli kulingana na hewa inayopita ndani yake. Kwa petroli ya kawaida, kilo moja huhitaji hewa kilo 14.7 hivi ili yote iungue. Hewa ikiingia kwa njia nyingine, kwa gasketi iliyopasuka chini ya kabureta, kwa mpira uliokauka, kwa skrubu ya manifoldi iliyolegea, kabureta haiijui na haiitolei petroli. Manifoldi ni mabomba yanayogawa mchanganyiko kwa silinda. Kwa nini hewa hiyo iisumbue injini katika mwendo wa chini tu? Kipepeo kikiwa kimefungwa, pistoni hufyonza bila kupata, na ndani ya manifoldi kunakuwa na ombwe, yaani shinikizo dogo kuliko la hewa ya nje. Ombwe hilo ndilo linaloivuta hewa ya wizi. Tena hewa halali ni kidogo wakati huo, kwa hiyo kijitundu kidogo huongeza sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga mafuta, ombwe hupungua, hewa halali huwa nyingi, na kijitundu kilekile hakihesabiki. Ndiyo maana gari hutetemeka ufuoni, likafika Bondo likiimba.

Kuitafuta hewa ya wizi, watu wengi hurusha petroli kwa bomba la sindano juu ya injini inayonguruma. Nakusihi usifanye hivyo. Manifoldi ya ekzosi iko sentimita chache kutoka hapo, na magari yameteketea kwa njia hiyo. Chukua chupa ya kunyunyizia maji. Nyunyiza kidogo kwenye kiungo kimoja kwa wakati mmoja, mbali na distributa na nyaya zake: chini ya kabureta, mahali manifoldi inapokutana na hedi, yaani kichwa cha silinda, na kila mpira unaotoka kwenye manifoldi. Maji yakiziba tundu kwa nukta chache, mlio utabadilika. Halafu bana kwa koleo, kwa upole, ule mpira mnene unaoelekea kwenye busta ya breki, chombo kinachotumia ombwe la injini kukusaidia kukanyaga breki. Injini ikitulia ulipobana, busta au mpira wake unavuja. Hilo usiliahirishe, maana sasa unazungumzia breki za gari lililobeba mzigo.

Wenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, ningewaambia wanunue geji ya ombwe. Huunganishwa kwenye manifoldi, na sindano yake huonyesha ombwe kwa inchi za zebaki. Hapa kuna mtego uliowapata wengi wa ukanda wetu. Vitabu vingi husema injini nzima husoma kati ya inchi 17 na 21. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, takriban futi 3,700, na kipimo hushuka karibu inchi moja kwa kila futi 1,000. Injini nzima kabisa iliyosimama ufuo wa Usenge itasoma kati ya inchi 13 na 17. Anayekifuata kitabu bila hesabu hii ataihukumu injini yenye afya kuwa imechoka, na mwenye gari atalipa. Pamoja na hayo, tazama mwenendo wa sindano zaidi ya namba yake. Ikitulia lakini chini ya kiwango cha mahali, fikiria hewa ya wizi au cheche iliyochelewa. Ikidondoka kwa mpigo wa kawaida na kurudi, vali moja haifungi au silinda moja haiwaki. Ikielea polepole kwenda na kurudi, mchanganyiko haujawa sawa.

Urefu huohuo kutoka usawa wa bahari unaigusa kabureta pia. Shinikizo la hewa pwani ni kilopaskali 101; hapa ziwani ni kama 88. Gari lililorekebishwa Mombasa likaletwa Usenge hukuta hewa nyepesi, lakini vitundu vyake vya petroli ni vilevile, kwa hiyo mchanganyiko huzidi petroli kwa asilimia tano au sita hivi. Masizi kidogo kwenye plagi za gari lililohamia kutoka pwani si ajabu, wala si ugonjwa.

Tunakaribia kabureta, lakini kuna lango moja bado. Mgandamizo usipokuwepo, hakuna marekebisho yatakayosaidia, na bora ulijue hilo kabla ya kupoteza siku. Geji ya mgandamizo huingizwa mahali pa plagi. Plagi zote zikiwa nje, waya wa koili umechomolewa na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, injini huzungushwa kwa stata. Andika namba ya kila silinda. Kama ilivyokuwa kwa ombwe, hapa pia namba itakuwa chini kidogo kuliko ya kitabu kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda. Tatu zikiwa pamoja na moja ikiwa chini sana, tia kijiko kimoja cha mafuta ya injini katika silinda hiyo upime tena. Ikipanda, pete za pistoni ndizo zinazovujisha, kwa kuwa mafuta yameziba pembeni. Isipopanda, shuku vali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imepasuka katikati yake.

Vali zina habari inayohitaji kuelezwa taratibu. Kati ya vali na mkono unaoisukuma huachwa nafasi ndogo, ambayo mafundi huirekebisha wakisema wanaseti tapeti. Katika injini ya Toyota 22R, nafasi hiyo injini ikiwa ya moto ni milimita 0.20 kwa vali ya kuingiza na 0.30 kwa vali ya kutoa. Wanaoanza hudhani nafasi ikipungua ni heri, kwa kuwa kelele hupungua. Ni kinyume. Tapeti inayogonga husumbua masikio. Tapeti iliyobana huzuia vali kufunga, moto hupenya ukingoni mwake, na vali huungua. Injini za zamani zaidi zilitegemea pia risasi iliyokuwa ndani ya petroli kulinda viti vya vali, yaani pete ambazo vali hukaa juu yake. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi hiyo kufikia mwisho wa 2005, uamuzi mwema usio na shaka kwa afya ya watoto. Lakini injini zenye viti laini zilianza kuzama vali kidogokidogo, na nafasi ya tapeti kuliwa bila kelele yoyote. Gari la umri huo likaguliwe tapeti mara kwa mara, hasa likiwa kimya kupita kiasi.

Sasa, na sasa tu, tufike kwenye skrubu ya kabureta, ambayo wengi huigusa kwanza. Katika mwendo wa chini kabureta haitumii njia yake kuu ya petroli. Hutumia njia ndogo ya pembeni, yenye jeti, yaani kitundu kilichotobolewa kwa kipimo, ambacho upana wake ni kama nusu milimita. Chembe ya mchanga kutoka kwenye mtungi inatosha kukiziba. Dalili yake haifichiki: gari huzima kila unapoachia mafuta, na skrubu ya mchanganyiko ukiizungusha hakuna kinachobadilika. Kabureta nyingi pia zina swichi ya umeme inayofunga njia hiyo ufunguo unapozimwa. Geuza ufunguo bila kuwasha na usikilize mlio mdogo wa tiki. Usiposikia, fuata waya wake kabla ya kufungua kitu kingine. Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Usitie waya wa chuma ndani yake, kwa sababu utakipanua kitundu na kipimo chake kitapotea daima.

Kurekebisha kunahitaji injini iliyopata joto lake, chujio la hewa safi likiwa mahali pake, na choki ikiwa wazi kabisa; choki ni kibati cha juu kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha asubuhi. Kwanza zungusha skrubu ya mchanganyiko ndani hadi iguse bila kukazwa, ukihesabu mizunguko, uiandike hesabu hiyo, kisha irudishe ilipokuwa. Sasa una njia ya kurudi ukipotea. Ifungue nje robo kwa robo mpaka mwendo upande juu kabisa au sindano ya ombwe ifike kileleni, halafu ushushe mwendo kwa skrubu ya pili, ile inayozuia kipepeo, hadi kwenye mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu. Rudia zote mbili, maana kila moja humgusa mwenzake. Mwishowe washa taa kubwa, uone kama injini inahimili mzigo wa altaneta. Ikishuka kidogo na kushika, endesha hadi injini ipate joto vizuri, rudi, uiache ingurume kwa dakika kumi, kisha fungua plagi nne uzisome upya, kwa mpangilio uleule, ukilinganisha na ulivyoandika mara ya kwanza.